Kidole cha Mwaka Themanini na Tatu

Kadi yenyewe ni hii, rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Imekaa miaka arobaini na kitu ndani ya nailoni,
ndani ya mkoba, ndani ya sanduku la marehemu mume wangu,
na haijawahi kulowa, hata ile masika Makorora
maji yalipotufuata mpaka kitandani.
Imepigwa kwa taipu, herufi ya e imeruka juu kidogo:
Mwanaisha Shekiondo, chumba cha brashi,
vidole vitatu, mkono wa kulia,
asilimia ishirini na sita.

Daktari wa Bombo ndiye aliyepiga hesabu.
Alinigeuzageuza mkono kama anayenunua samaki,
akasema, mama, umebaki sabini na nne.
Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa,
na mgongoni mtoto aliyenitaka mia kwa mia.

Tangu hapo kila miezi mitatu ikaja pesa ya vidole.
Ndivyo tulivyoiita nyumbani.
Cha shahada kilimsomesha Hoza mpaka la saba.
Cha kati kiliezeka bati upande wa jikoni.
Cha pete kilikuwa kivivu,
kiliishia kwenye chumvi na mafuta ya taa.

Sasa mfuko ule umefungwa.
Wote tuhamie mfuko mpya kabla mwezi haujaisha.
"Hamtapoteza kitu," kilisema kipaza sauti
juu ya gari lililopita barabara ya kumi na mbili,
na Bi Chausiku akakijibu kutoka uani:
"Cha kupoteza tulishapoteza!"

Nimefika saa kumi na mbili alfajiri, nikawa wa arobaini na moja.
Mbele yangu Mzee Kilua wa reli,
mguu wake ulibaki stesheni ya Korogwe.
Nyuma yangu kuli wa bandari aliyeacha jicho gatini.
Benchini tumejipanga kila mtu kwa upungufu wake,
ndipo tukaenea.

Saa tano, dirisha namba tatu.
Binti ana adabu, ameniamkia vizuri,
anasoma maswali kwenye kioo:
Je, ulemavu ni wa kudumu?
Je, kuna mabadiliko tangu tathmini ya mwisho?
Nikautazama mkono. Mkonge ukiukata majani unatoa mengine.
Nikamwambia, bado havijachipua.
Hakucheka. Akaandika: hakuna.

Kisha kijisanduku chenye mwanga wa kijani, jicho la paka.
"Weka kidole cha shahada, mama."
Hicho kiko Muheza.
"Basi gumba."
Nyekundu.
"La kushoto."
Nyekundu.
Akanipa kitambaa, akanipa glisirini, akanipa pole.
Miaka ile yote nyuzi zilikuwa zikinilamba,
vidole vimebaki laini kama mgongo wa kijiko,
hakuna mstari, hakuna mimi.
"Mfumo haukuoni, mama."

Nikaigeuza kadi. Nyuma yake,
kwa wino wa zambarau, dole gumba la mwaka themanini na tatu,
mistari yote imo, inazunguka
kama maji ya ndoo yaliyodondokewa na jiwe.
Mwanangu, nikasema, mimi huyu hapa. Linganisha.
"Mfumo hausomi karatasi.
Na kadi za zamani zinabaki kwetu."
Pembeni yake boksi la sabuni limejaa kadi, rangi ile ile ya chai.

Nikaomba dakika moja.
Nikaweka gumba langu juu ya lile gumba.
Lilikuwa dogo. Lilikuwa la msichana.

Binti akatazama foleni, akatazama mlango wa bosi wake,
akaisukuma kadi kunirudishia, chini ya kioo,
haraka, kama anayetoa rushwa.
"Njoo Jumatatu, nitakuwa zamu. Njoo nayo."

Leo Jumatano. Nimeirudisha kwenye nailoni.
Nje Mzee Kilua ananingoja na magongo yake.
Yeye amepita, mashine imempenda,
kumi vyote vizima.
Nimemuuliza pesa ya mguu itaingia lini.
Amesema hilo hakuambiwa,
ila wamempiga picha,
kuanzia kifuani kwenda juu.